Gavana na Wenye Nchi

Julai 1958, Sir Richard Turnbull alipofika kuwa Gavana wa Tanganyika, wengi waliingiwa na hofu. Alitoka Kenya, alikoanza utumishi mwaka 1931 kama afisa wa wilaya, akapanda ngazi hadi kuwa Katibu Mkuu wa Serikali siku za Hali ya Hatari. Watu walidhani amekuja na rungu.

Haikuwa hivyo. Mtangulizi wake, Sir Edward Twining, aliipiga vita TANU na kukipa moyo chama cha UTP. Turnbull aliyatazama matokeo ya uchaguzi wa 1958 na 1959, akaona UTP imeanguka, akakubali kusema na Mwalimu Nyerere. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Je, uhuru tulipewa na gavana mwema? Hata kidogo! Mwaka 1965 mtu yule yule alipelekwa Aden. Huko vyama vya ukombozi vilipigana vyenyewe kwa vyenyewe, naye akaondolewa mwaka 1967 pasipo mapatano. Hapa alikuta watu wenye kauli moja, kule hakuwakuta.

Somo hili lamhusu mwanachama wa Munisagara, wilayani Kilosa, kama limhusuvyo wa Dar es Salaam. Reli ya Kati hupita hapo katika bonde la Mkondoa, mto ambao mafuriko yake yameikata njia ile mara nyingi. Mfanyakazi wa reli na mkulima wa hapo huuona ufa wa tuta kabla ya mkubwa yeyote. Wakinong'ona mmoja mmoja, hata mkuu aliye mwema hatajua. Wakikutana katika tawi lao na kutoa neno moja, hata mkuu mgumu hatakuwa na pa kujificha.

Nao wakuu wetu wa mikoa na wilaya, ambao kama magavana wale huteuliwa wala hawapigiwi kura, wana wajibu mzito zaidi wa kusikiliza. Ikiwa mgeni aliweza kusoma hesabu ya kura, ni aibu gani kwa ndugu kushindwa kusoma nyuso za ndugu zake!

Tusikae tukingoja kiongozi mwema ashuke na gari moshi. Kidole kimoja hakivunji chawa.