Kwa nini wanapima kibanja chako: sheria ya Ulaya na kahawa yetu

Wasikilizaji wengi wa Kagera mmetupigia mkiuliza jambo moja: vijana wanaopita na simu kupima vibanja wanatafuta nini? Wapo waliowafukuza wakidhani wametumwa kuja kukadiria kodi.

Chanzo chake ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023. Haihusu kodi. Inasema kwamba kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, ng'ombe na mbao haziingii kwenye soko lao kama zimetoka kwenye shamba lililofyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Pia lazima mazao yawe yamezalishwa kwa kufuata sheria za nchi yanakotoka.

Wajibu wa kuthibitisha haya ni wa kampuni inayoingiza kahawa Ulaya. Akikutwa na kosa, faini yake inaweza kufika asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka huko Ulaya, hata zaidi. Ndiyo maana mnunuzi anamuuliza muuzaji wa nje, naye anauliza chama cha msingi, na swali linaishia mlangoni kwako: kahawa hii imetoka shamba gani?

Kwa shamba lisilozidi hekta 4, yaani kama ekari 10, nukta moja ya mahali inatosha. Wakulima wetu wengi wako hapo. Shamba kubwa zaidi huzungukwa mpakani lote.

Hofu nyingine tuliyoisikia ni ya migomba na miti ya kivuli. Je, satelaiti haitaona msitu? Inaweza kukosea, ni kweli, maana kutoka juu kibanja chenye miti mingi hufanana na pori. Lakini sheria yenyewe haihesabu shamba la kilimo mseto kuwa msitu. Kibanja cha babu yako chenye mibuni chini ya miti hakina kosa, na hulazimiki kukata mti hata mmoja. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu yupo aliyetuambia anataka kukata ili "ramani isafike". Asikate.

Ugumu wa kweli tunauona kwenye ghala. Sheria hairuhusu kahawa inayojulikana ilikotoka kuchanganywa na isiyojulikana. Magunia machache yasiyo na shamba yanaweza kukwamisha shehena nzima, pamoja na kahawa ya jirani aliyepimwa vizuri. Hapa ndipo butura inapotuuma mara mbili. Ukiuza maua kwa mtu wa pembeni, kwanza umepunjwa bei. Halafu kahawa inafika chamani kwa jina la mtu ambaye huenda hana mbuni hata mmoja.

Kwa maoni yetu lengo la kulinda misitu ni jema, ila mzigo haujagawanywa sawa. Mnywaji wa kahawa kule haongezewi kazi yoyote. Kupima maelfu ya vibanja kunahitaji nauli, simu na mishahara, na sheria hiyo haimpangii mkulima bei ya ziada. Chama kikikosa msaada, gharama itarudi kwenye kilo yako. Swali hilo liulizwe kwenye mkutano mkuu wa chama, kabla ya makato na si baada yake.

Muda upo kidogo. Utekelezaji ulipangwa uanze Desemba 2024, ukasogezwa mwaka mmoja, kisha ukasogezwa tena: kampuni kubwa na za kati zinaanza tarehe 30 Desemba 2026, na zile ndogo zinafuata tarehe 30 Juni 2027.

Kwa sasa, mpimaji akija, muulize ametumwa na chama gani, kisha mpigie katibu wako uhakikishe. Akidai pesa ili "akuingize Ulaya", usimpe. Sheria hiyo haina ada ya mkulima. Akimaliza, omba kuona jina lako na eneo lilivyoandikwa, maana jina likikosewa leo, utalisahihisha msimu wa mauzo ukiwa kwenye foleni.