"Mtandao Umepotea": Kauli Isiyo na Mtenda

Aghalabu mwananchi aliyeamka alfajiri kule Masinga au Yatta hufika katika ofisi ya umma mjini Machakos akapokelewa kwa kauli moja: "Mtandao umepotea. Rudi kesho." Nauli imekwisha, kutwa imepita bure, na hakuna wa kuulizwa. Kauli hiyo yastahili kuchunguzwa kisarufi, kwani haina mtenda. Mtandao haukupotezwa na mtu. Umepotea wenyewe, mithili ya mvua iliyokataa kunyesha.

Ukweli ni kwamba mtandao wa ofisi hauna miujiza. Kwa kawaida tarakilishi huunganishwa kwa umbo la nyota: kila moja ina waya wake unaoishia katika kisanduku cha kati kiitwacho swichi. Uzuri wa umbo hili ni kwamba waya mmoja ukikatika, tarakilishi moja tu ndiyo hunyamaza. Ubaya wake ni kwamba kitovu kikizimika, zote hunyamaza pamoja. Kwa hivyo, zikishindwa zote kufungua hata faili zilizohifadhiwa humo humo ofisini, tusizisingizie nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilizofika Mombasa mwaka wa 2009. Swichi na seva ndizo za kutazamwa kwanza.

Kasi nayo ina hesabu yake. Habu za kale zilimwaga kila ujumbe kwa tarakilishi zote, nazo zikagombania megabiti 10 kwa sekunde. Swichi humfikishia kila mlengwa ujumbe wake pekee. Hata hivyo, tarakilishi 20 zikiiendea seva moja kwa wakati mmoja, kupitia waya mmoja wa megabiti 100, kila moja haitapata zaidi ya megabiti 5. Waya wa shaba nao haufai kuzidi mita 100. Haya ni mambo ya kupangwa mapema, wala si ajali.

Yamkini wakuu wa ofisi watalia ukosefu wa fedha. Lakini swichi ndogo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya tarakilishi moja. Kuwa na swichi ya akiba kabatini, betri ya kuihimili umeme unapokatika, na mtumishi mmoja aliyefunzwa kutambua palipoharibika, ni gharama nafuu kuliko nauli za umati unaorudishwa nyumbani. Ila nauli hizo hazilipwi na ofisi. Na wahenga hawakukosea waliposema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hatuna budi kudai kwamba kila ofisi ieleze kilichoharibika, ni nani anayekitengeneza, na kitakuwa tayari lini. Siku karani atakapolazimika kutamka, "Hatukuweka betri ya akiba," sentensi itakuwa imepata mtenda, na mwananchi atakuwa amepata wa kumuuliza.