Fundi wa Nyumbani: Plagi iliyojificha chini ya tangi

Mwezi huu tunaongea juu ya plagi ya pikipiki, ile ambayo kule Kongo wengi wetu tumezoea kuiita buji. Familia kadhaa zenye boda zimetuomba, na sisi tunaona zina haki. Hapa Nyakiyumbu pikipiki moja ndani ya nyumba ni unga, ni sabuni, ni pesa ya daftari. Usiku mtu akizidiwa, ndiyo inamfikisha hospitali ya Bwera. Ikikataa kuwaka asubuhi, mara nyingi shida ni plagi, kitu cha bei ndogo. Lakini plagi ikifungwa vibaya inaharibu kichwa cha injini, na hicho si cha bei ndogo hata kidogo.

Jirani yetu mmoja, motari wa kwenda Mpondwe, yalimkuta. Fundi wa barabarani alikuwa na haraka, akaingiza plagi mpya ikiwa imeinama, akaikaza kwa nguvu na spana. Plagi ni chuma, kichwa cha injini ni aluminiamu. Aluminiamu ni laini, ndiyo iliyokatika meno. Jirani alikaa wiki mbili bila kazi, na tajiri mwenye pikipiki alitaka pesa yake ya wiki kama kawaida.

Kwa hiyo kwanza mjue plagi yenu iko wapi. Kwenye boda nyingi iko ubavuni mwa kichwa cha injini, unaiona bila kuhangaika. Kwenye pikipiki ndefu za safari, zile zinazopendwa na mashirika, tangi kubwa linaifunika na mkono haupiti. Nazo Pulsar zenye maandishi DTS-i, zilizoanza kutoka mwaka 2003, zina plagi mbili kwa silinda moja. Watu wanabadilisha ile wanayoiona, ya upande wa pili wanaisahau, halafu wanasema plagi mpya ni za bandia. (Za bandia zipo kweli sokoni, lakini siyo kila mara.)

Acheni injini ipoe kabisa. Hili siyo la kuogopa kuungua vidole tu. Meno ya aluminiamu yakiwa ya moto yanaharibika upesi.

Kama ni lazima kutoa tangi, fanyeni nje, mbali na jiko, kibatari na sigara, na watoto wakae mbali. Toeni kiti, fungeni koki, chomoeni mpira wa mafuta, fungueni bolti ya nyuma ya tangi, kisha inueni tangi kwa nyuma na kulivuta kuja kwenu taratibu. Tangi lililojaa ni zito na linamwaga, basi ni bora kazi hii ifanyike mafuta yakiwa kidogo.

Halafu vueni kofia ya plagi. Shikeni kofia yenyewe, msivute waya. Kabla ya kufungua, safisheni shimo. Barabara zetu wakati wa jua ni vumbi tupu, na vumbi hilo limelala kuzunguka plagi. Likidondoka ndani ya silinda linakwaruza. Pampu ya baisikeli inatosha kulipuliza.

Spana iwe ya plagi, ile ndefu ya bomba. Plagi ya meno ya milimita 14 huchukua spana ya 21, ya milimita 12 huchukua ya 18, na ya milimita 10 huchukua ya 16. Ikikataa kufunguka, msipigane nayo. Wekeni oili kidogo, ngojeni, kisha ichezeni mbele na nyuma polepole.

Sasa ndiyo siri yenyewe ya plagi iliyojificha: kipande cha mpira wa mafuta, urefu wa shibiri moja hivi. Kivisheni kwenye kichwa cha plagi mpya, kishusheni ndani ya shimo, na muuzungushe mpira kwa vidole. Kwanza zungusheni kinyume mpaka msikie kitu kama "tik", hapo meno yamekutana. Kisha kazeni kwa vidole tu. Plagi ikiwa imeinama, mpira unateleza wenyewe kabla meno hayajakatika. Spana haiwezi kuwaambia hivyo, spana inaendelea tu! Tukiona mtu anaanza na spana, tunajua pesa inaenda kupotea.

Plagi ikishafika mwisho kwa vidole, ndiyo mchukue spana. Mpya yenye pete ya chini, ongezeni nusu mzunguko. Wanafunzi wetu wangesema nyuzi 180. Ya zamani inayorudishwa ni kidogo sana, kama mshale wa saa unavyotoka 12 kwenda 1. Basi.

Namba iliyo kwenye plagi isibadilishwe hovyo. Kwa NGK namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, kwa Champion ni kinyume. Mtu akikuambia sokoni "zote ni sawa", toa ile ya zamani mfukoni umwonyeshe.

Na msiitupe ile ya zamani kabla ya kuitazama. Rangi ya kahawia, injini ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta yanazidi hewa: angalieni chujio la hewa, pengine limeziba vumbi. Wanaopanda milima ya Bukonzo kila siku wataona weusi huo zaidi, maana huko juu hewa ni nyepesi. Nyeusi yenye oili inaonyesha ringi au valvu zimechoka, plagi mpya itawasaidia siku chache tu. Nyeupe kabisa, injini inapata joto kupita kiasi, msiendelee kuikimbiza.

Kupima moto wa plagi, igusisheni kwenye chuma cha injini mbali na shimo lake na mbali na mafuta. Mvuke wa petroli unatoka kwenye shimo hilo, na cheche moja inatosha kuuwasha.

Mwezi ujao ni mnyororo. Mwenye swali alete shuleni, hata kwa kalamu ya risasi.