Shela la Kukodi Halimshushi Mtu

Huku kwetu Burundi, kando ya ziwa kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, kuna imani kwamba bibi harusi anayevaa shela la kukodi amejishusha, na asiyevaa shela kabisa ni kama hajaolewa. Mashangazi wanalisema waziwazi kwenye vikao: utaingiaje ukumbini na nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwenzako? Imani hii ni ya uongo, na inawaumiza wasichana wetu.

Televisheni imeikuza. Kipindi cha Say Yes to the Dress kilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2007, kikirekodiwa katika duka la Kleinfeld mjini New York, na leo vipande vyake mtu anavitazama kwenye simu. Msichana anasimamishwa mbele ya kioo, mama anafuta machozi, ukoo mzima unasubiri atamke kwamba hili ndilo lake. Anayetazama anaondoka akiamini kwamba kuna shela moja tu duniani lililoumbwa kwa ajili yake.

Lakini tazama mgongoni. Mengi ya mashela yale ni sampuli za dukani. Likimpwaya, muuzaji analibana kwa vibanio vikubwa nyuma ili mbele lionekane limeshonwa kwa mwili wake. Wangapi walilijaribu kabla yake? La kwake huagizwa baadaye, naye hulisubiri kwa miezi. Kwa hiyo hata anayelipa maelfu ya dola hulia kwa furaha ndani ya nguo iliyopita kwenye miili ya wengine, na heshima yake iko palepale. Mashela yetu ya kukodi yana kamba mgongoni kwa kazi hiyohiyo: mwembamba anakaziwa, mnene analegezewa.

Kurudia nguo ya harusi nako si aibu. Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye harusi yake ya mwaka 1840 ndiyo iliyoeneza mtindo wa shela jeupe, aliivaa tena lesi ya harusi yake kwa miaka mingi. Mama zetu nao imvutano, vazi la siku ya mahari, wanairudia kwenye harusi za wadogo zao, na jirani akiiomba anaazimwa.

Lingekuwa suala la urembo tu, ningenyamaza, lakini linachelewesha ndoa zenyewe. Mwaka 2017 serikali iliwataka watu wanaoishi pamoja bila ndoa waihalalishe kabla ya mwaka kwisha. Amri ile sikuipenda, maana ndoa haifungwi kwa vitisho. Hata hivyo ilitufumbua macho: wengi walisema wazi kwamba mahari na sherehe vimewashinda. Watu wanapendana, wanazaa, wanalea, ila wanaogopa kwenda komini kufunga ndoa kabla hawajapata pesa ya harusi inayofanana na za wengine.

Ndoa inayotambuliwa na Sheria ya Watu na Familia ya mwaka 1993 ni ile iliyofungwa mbele ya afisa wa komini. Afisa huyo hana haja na shela. Siku mume akizama ziwani, na ndugu zake wakaja kudai nyumba na shamba la michikichi, mjane asiye na cheti cha ndoa anaanza mabishano mikono mitupu. Siku hiyo hakuna atakayekumbuka kama gauni lilikuwa jipya.

Na pesa yenyewe inatoka wapi? Mvuvi wa ndagala, yaani dagaa, anavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, chombo kinakaa ufukweni na mfuko unakauka. Kijana wa namna hiyo analazimishwa akope faranga kwa nguo ya kuvaliwa kwa muda wa saa sita, ambayo baadaye inageuka manjano ndani ya sanduku. Deni hilo lingemnunulia mkewe mbao na waya wa chanja, ndagala zake zisianikwe tena mchangani.

Nitaambiwa siku ni moja tu. Ni kweli, na furaha ya msichana siipingi hata kidogo. Avae jeupe, ang'ae, apigwe picha mpaka achoke, kisha Jumatatu alirudishe shela kwa mwenyewe bila kudaiwa na mtu.

Ombi langu ni kwa wanaokaa kwenye vikao vya harusi. Bajeti ikisomwa, komini iwe ya kwanza na shela likodiwe. Na shangazi atakayemcheka bibi harusi kwa hilo, mumuulize mbele ya kikao atamsaidia nini siku atakapotakiwa aonyeshe cheti.