Ufunguo usiogeuka
Mtoto wa Shirimatunda mwenye pumu ya ngozi hana safari ndefu: hospitali ya KCMC, yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, iko humo humo Moshi. Mchochezi mkubwa wa muwasho wake ni intalukini-4, protini inayobeba ujumbe kati ya seli za kinga. Watafiti wa Würzburg, Ujerumani, waliibadili asidi amino mbili tu, ya 121 na ya 124. Ikawa inakalia kipokezi chake kwenye seli bila kukiamsha, kama ufunguo unaoziba tundu la kufuli bila kugeuka. Dawa hiyo, pitrakinra, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa pumu ya kifua, lakini haikufika sokoni. Iliyofika ni dupilumabu, kingamwili inayoziba kipokezi kile kile, iliyoidhinishwa Marekani 2017. Matibabu yake huko hugharimu maelfu ya dola kwa mwaka. Linaniuma hilo, maana protini ndogo kama pitrakinra bakteria huitengeneza, bila seli ghali za wanyama ambazo kingamwili kama hiyo huhitaji. Vyuo vyetu viichukue njia hiyo.