Baridi ya maporomoko si mzaha

Masika yanapobisha hodi mwishoni mwa Machi, wakazi wengi wa Nairobi hukumbwa na hamu ya kwenda kutazama maji. Si ajabu. Mito ya milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, huwa imekonda kufikia Februari, na mvua za kwanza zikishanyesha maporomoko huanza kunguruma upya. Karuru huteremka kwa hatua tatu, jumla yake mita 273. Thomson's Falls, kule Nyahururu, ina mita 74, na hata asiyetaka kuchafua viatu vyake aweza kuitazama akiwa amesimama kando ya ua. Msitu wa Kereita nao, huko Lari, basi zima la vijana laweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Sikukatazi kwenda, ndugu msomaji. Ninao wagonjwa wengi wa kisukari na shinikizo la damu ambao ningefurahi sana kusikia wamepanda mlima, badala ya kukaa Jumamosi nzima ndani ya gari wakingoja foleni isonge. Lakini nikiwauliza wanaokwenda huko wanaogopa nini, hunitajia ndovu, nyati na nyoka. Sijapata kusikia hata mmoja akitaja nguo mbichi.

Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 za sentigredi kila unapopanda mita 1,000. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na nyanda za juu za Aberdare hupita mita 3,000. Basi uliyeondoka nyumbani asubuhi ukiwa na fulana, tayari umepoteza nyuzi saba au nane kabla wingu halijatanda. Hapo ongeza poromoko lenyewe. Huko chini maji yanakotua, rasharasha hulowesha watu hata jua likiwaka, na upepo unaosukumwa na maji hauna huruma. Vijana husimama hapo nusu saa wakipigana picha. Kisha hupanda kilima kurudi, wakatoka jasho, mvua ya alasiri ikawakuta njiani wamechoka na njaa imewashika. Maji hunyonya joto la mwili upesi kupita hewa kavu, mara nyingi sana. Suruali ya jinzi ikishalowa hugeuka kitambaa cha barafu miguuni, wala haitakauka siku hiyo.

Mwili wenye afya hukaa karibu nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, huo ni ugonjwa, nasi madaktari huuita haipothamia. Wakenya wengi hudhani ni maradhi ya Ulaya na theluji zake. Sivyo. Mvua, upepo na nyuzi 10 vyatosha kabisa.

Dalili zake huchekesha kabla hazijaogofya, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha vidole hukataa kufunga kamba ya kiatu. Halafu ulimi huwa mzito, miguu hujikwaa, na mwenyewe hukasirika akiambiwa avae sweta. Wenzake humcheka wakisema ameonja kitu. Akiacha kutetemeka huku bado yu baridi na amepumbaa, msifurahi kwamba amepata nafuu. Mwili umeishiwa nguvu za kujipasha moto, na huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali.

Kuna desturi moja ambayo yaniudhi kuliko zote. Ni kile kichupa cha pombe kali kinachofichwa mkobani, eti cha kupasha damu. Pombe hupanua mishipa iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto hukimbilia nje, uso ukawaka, mnywaji akajihisi yuko kando ya jiko, na kumbe joto la moyo na tumbo ndilo linalotoka kwenda kupotea hewani. Isitoshe, humwondolea akili ya kutambua kwamba anaganda. Kiacheni nyumbani. Nafasi yake ichukuliwe na chai ya moto yenye sukari ya kutosha.

Mwenzenu akishikwa na hali hii, mwondoeni kwenye upepo na mvua. Mvueni nguo mbichi, mumvishe kavu, kichwa kikiwemo. Mlazeni juu ya mikoba au majani makavu, kwa maana ardhi nayo hunyonya joto, kisha mumfunike pamoja na mtu mwingine mwenye joto. Kama ana fahamu kamili na anaweza kumeza vyema, mpeni chai. Msimsugue mikono na miguu, wala msimchome kwa moto mkali.

Wako wengine wanaopaswa kuzungumza na daktari kabla ya safari. Mwenye selimundu aweza kupatwa na maumivu makali kwa sababu ya baridi, kimo na kukosa maji ya kunywa, vyote kwa pamoja. Mwenye pumu awe na kipuliza chake mfukoni, si ndani ya basi. Anayetumia insulini abebe chakula mkononi, kwa kuwa kupanda mlima hushusha sukari haraka.

Mto wenyewe nao una kisa chake. Mnamo Aprili 2012 watu saba walifariki katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, baada ya mafuriko ya ghafla, na Septemba 2019 wakafa saba wengine papo hapo. Anga juu ya kichwa chako yaweza kuwa samawati huku mvua ikimwagika maili kadhaa juu. Ukiona maji yamebadilika rangi, au yameanza kuleta majani na vijiti, usingoje picha ya mwisho. Panda ukingoni.

Haya yote waratibu wengi wa safari hizi wanayajua. Tatizo ni pesa. Mtu akishalipia basi na viingilio vya watu arobaini, hana moyo wa kuwageuza saa nane mchana eti kwa sababu wingu limeshuka, na wasafiri nao hawatamsamehe. Kwa maoni yangu, safari isiyoweza kuahirishwa isiuzwe kabisa wakati wa masika. Aidha, mwendo na upangwe na yule aliye mzito kuliko wote. Nimeona vikundi ambavyo kiongozi yuko mbele nusu saa nzima, naye anayetetemeka yuko peke yake nyuma.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, mpigie mratibu simu umuulize: mvua ikinyesha pesa zangu zitahamishiwa siku nyingine? Nani atatembea nyuma ya wote? Mmebeba blanketi ngapi? Akicheka swali hili la tatu, tafuta mratibu mwingine.