Magugu Yasiyokufa kwa Dawa

Mkulima wa mpunga anyunyizaye dawa, kisha akaona magugu yamesimama palepale, huwa na tuhuma mbili. Ama muuza duka ametia maji, ama kipimo alichoelekezwa kilikuwa pungufu. Tuhuma hizo pengine huwa za kweli. Lakini ipo sababu ya tatu, isiyotajwa vya kutosha katika mikutano ya shehia wala katika ofisi zinazoagiza pembejeo, nayo ni usugu.

Sisi wa Visiwani hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili. Mwaka 2003 Zanzibar iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vijidudu vilikuwa havifi tena. Shambani mambo huenda vivyo hivyo. Watu husema gugu "limezoea" dawa. Kwa hakika hakuna mche uliozoea. Miongoni mwa maelfu ya miche huwamo michache iliyozaliwa na uwezo wa kuihimili sumu. Wenzake hufa, yenyewe husalia, huchanua na kumwaga mbegu. Dawa ileile ikirudiwa mwaka baada ya mwaka, shamba hujaa kizazi cha walionusurika. Mkulima huongeza kipimo, na hasara huwa juu ya hasara.

Habari hii ina umri mkubwa, na moja ya kesi zake za mwanzo ilitokea visiwani. Dawa ya 2,4-D, ambayo huua magugu ya majani mapana na kuiacha mimea ya jamii ya nyasi kama mpunga, ngano na miwa, ilianza kutumika mashambani katika miaka ya 1940. Kufikia 1957, katika mashamba ya miwa ya Hawaii, gugu litambaalo lenye maua ya buluu lilionekana kuhimili mara tano ya kipimo cha kawaida. Mwaka huohuo karoti-mwitu za Kanada nazo zilionesha usugu kwa dawa hiyohiyo. Huko Hispania, tangu miaka ya 1990, popi mwekundu, ua linalopendeza sana machoni pa wapita njia, limekuwa likiwasumbua wakulima wa ngano, kwani halifi kwa 2,4-D wala kwa dawa nyengine waliyoikimbilia. Mche mmoja wa popi waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi zikingojea jembe lizifukue.

Yanayotuhusu zaidi ni ya wakulima wenzetu wa mpunga. Ufilipino mwaka 1983, gugu la majimaji lenye vishada vya maua meupe lilithibitika kuwa sugu kwa 2,4-D. Malaysia ikafuata mwaka 1998 kwa gugu la maua ya manjano, ambalo wenyeji wengine hulifanya mboga. Katika nchi zote mbili dawa ilikuwa rahisi, ilifanya kazi, na kwa hiyo haikubadilishwa.

Hapa ndipo tunapowageukia maofisa wetu. Kwa miaka kadhaa Serikali iliwapunguzia wakulima wa mpunga bei ya mbegu, mbolea na dawa ya magugu, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini anayeagiza dawa kwa ajili ya mabonde mazima ya Cheju, Kibokwa na Mtwango ndiye anayeamua gugu gani litasalia. Kutazama bei peke yake hakutoshi. Aulize pia dawa hiyo inaliua gugu kwa njia gani, na msimu uliopita ilitumika ipi. Chupa mbili zenye majina mbalimbali zaweza kuwa na sumu moja, na mkulima aliyebadilisha chupa hujiona amebadilisha dawa.

Wapo wanaosema turudi kwenye jembe, basi. Wasemao hivyo, aghalabu ni wanaume, hawajainama siku nzima katika tope la bonde. Wanaopalilia wengi ni kina mama. Dawa imewapunguzia mzigo wa haki, na hatuoni sababu ya kuwarudishia wote. Lakini shamba laweza kulimwa mapema, magugu yakaachwa yaote, kisha yakavurugwa kabla ya kupanda. Miche ya mpunga ikipandikizwa badala ya mbegu kumwagwa, hutangulia magugu kwa wiki kadhaa. Penye mifereji, maji yakisimama kwa kina sawa huyazuia mengi yasiote, na kwa hiyo mfereji uliobomoka ni suala la magugu pia. Trekta litokalo bonde moja kwenda jengine lisafishwe matope, maana mbegu husafiri humo bila nauli.

Na ile miche michache inayobaki kijani wiki tatu baada ya kunyunyiza, ilhali wenzake wamekauka, isidharauliwe. Ing'olewe kabla haijachanua, na bwana shamba aitwe aione.